Fundo la Leso na Euro ya Wabulgaria

OTIENO: Hamjambo wasikilizaji. Mimi ni Otieno.

ZUHURA: Na mimi ni Zuhura. Tuko South B, Nairobi, mvua imekatika sasa hivi, kwa hivyo mkisikia matone kwenye mabati ya jirani, tuvumilieni. Haya kaka, uliniahidi Bulgaria.

OTIENO: Nimekuja nayo. Tarehe 1 Januari 2026 Bulgaria iliachana na pesa yake, lev, ikaingia kwenye euro. Ni nchi ya 21 kuingia.

ZUHURA: Kuna mtu amekwama kwenye matatu hapo Mombasa Road anatusikiliza, anajiuliza hayo yanamhusu nini.

OTIENO: Yanamhusu kwa sababu hata sisi tumeweka sahihi. Tarehe 30 Novemba 2013, kule Kampala, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini itifaki ya umoja wa fedha. Tuliambiwa 2024 tungekuwa na pesa moja. Mwaka ukafika, ukapita. Sasa tunaambiwa 2031.

ZUHURA: Na si kitu kigeni kwetu. Wazee wetu walitumia pesa moja Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Kwetu Pwani bado utapata mtu ana zile senti kumi za shaba zenye tundu katikati. Zilikuwa zikitungwa kwenye uzi kama shanga. Zanzibar yenyewe iliingia 1936. Walikuwa na rupia yao, wakaiacha, kila rupia ikahesabiwa shilingi moja na nusu.

OTIENO: Halafu 1966 tukagawana. Tanzania ikatoa shilingi yake Juni, Uganda Agosti, sisi Septemba.

ZUHURA: Kwa hiyo kuungana tumekujua, kuachana tumekujua. Sasa niambie Wabulgaria walivukaje.

OTIENO: Kwanza ujue walikuwa na safari ndefu. Mwanzoni mwa 1997 pesa yao iliporomoka vibaya. Februari peke yake bei zilipanda zaidi ya mara tatu. Mwezi mmoja, dada! Pesa uliyoweka akiba miaka kumi haikununulii viatu. Ndipo Julai wakaifunga lev na marki ya Ujerumani kwa sheria: benki kuu haitoi lev mpya bila kuwa na akiba ya kigeni ya kuisimamia.

ZUHURA: Hiyo ni kama ile Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoa pesa ile ya wazee wetu. Shilingi yetu ilikuwa imefungwa na pauni hivyo hivyo, ishirini kwa pauni moja.

OTIENO: Ndiyo hiyo hiyo. Kisha 1999 wakakata sifuri tatu, lev moja ikawa sawa na marki moja. Ujerumani ilipoingia euro, lev ikafuatana na marki. Ndiyo maana kiwango cha kubadilishia ni 1.95583. Wajerumani walibadilisha marki zao kwa namba hiyo hiyo, na Wabulgaria wakaja kubadilisha kwa namba hiyo miaka mingi baadaye.

ZUHURA: Basi hawakupoteza mengi. Funguo za nyumba, yaani uamuzi juu ya pesa yao, walishazitoa 1997.

OTIENO: Hilo ndilo nataka watu walishike. Sisi funguo bado tunazo. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160 hapa, baadaye ikashuka mpaka 129 hivi. Pesa yako mwenyewe inaweza kupanda na kushuka na nchi. Ukiingia kwenye pesa ya pamoja, Kenya ikibanwa na ukame na Rwanda iko sawa, huwezi kuachia shilingi ishuke ili chai yako iwe rahisi sokoni. Mizigo yote inaangukia mishahara na kodi. Wagiriki walilipitia hilo baada ya 2009.

ZUHURA: Nakusikia, lakini ngoja. Hayo ni mambo ya gavana na waziri. Mimi nataka kujua yule mama anayeuza nyanya kwenye soko la Sofia, mji mkuu wao, alifanyaje siku ile ya kwanza.

OTIENO: Hakushtukizwa. Tangu tarehe 8 Agosti 2025 kila bei iliandikwa mara mbili, kwa lev na kwa euro, na sheria ikasema iendelee hivyo mpaka Agosti 2026. Mwaka mzima jicho lizoee. Desemba, benki na posta zikauza vifuko vya sarafu: unatoa lev 20, unapewa sarafu 42 za euro na senti. Na Januari yote ungeweza kulipa kwa lev dukani, lakini chenji unarudishiwa kwa euro.

ZUHURA: Aa! Kwa hiyo lev inaingia dukani na haitoki tena.

OTIENO: Haitoki. Mwezi ukiisha, mtaani zimekauka zenyewe.

ZUHURA: Hiyo nimeipenda. Sasa kuna jambo linaniuma zaidi, kukadiria. Chukua Kroatia, walioingia Januari 2023. Pesa yao ya zamani iliitwa “kuna”, na kiwango chao kilikuwa kuna 7.5345 kwa euro moja. Kahawa ya kuna kumi inakuja euro moja na senti 33. Muuzaji anasema, ah, weka moja na nusu, nani atahangaika na senti? Umejua amepandisha kwa kiasi gani? Kahawa imekuwa kuna kumi na moja na senti thelathini. Asilimia 13 kwa kalamu tu!

OTIENO: Na Wakroatia walilalamika sana Januari ile, mpaka serikali ikawakemea wenye maduka.

ZUHURA: Sasa ilete Marikiti. Fungu la sukuma la shilingi ishirini, tuseme likigeuzwa linakuja moja nukta nne ya pesa mpya ya pamoja. Mama mboga hana sarafu ndogo, na wewe huna. Atakwambia toa mbili nikuongeze vitunguu, au atakupa moja na fungu linapungua. Tayari kwenye supamaketi watu wanapewa peremende badala ya shilingi moja! Anayenunua kwa katoni hata haoni. Anayenunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwa kikombe, huyo analipa kila siku, mara tatu kwa siku.

OTIENO: Sikubaliani nawe kidogo hapo. Kwetu Busia ninamjua mama anayevuka na samaki. Akiuza Uganda anapewa shilingi za kule, akirudi anakatwa na mwenye kubadilisha pesa pale mpakani. Kesho anakatwa tena akivuka kwenda. Pesa moja ingemwokoa makato hayo yote. Naye ni maskini pia.

ZUHURA: Kweli. Huyo nilimsahau.

OTIENO: Watu wa mpakani husahauliwa kila mara Nairobi inapozungumza.

ZUHURA: Haya, nimepokea. Basi nami nikueleze yangu. Unakumbuka Juni 2019, ilipotangazwa noti za zamani za elfu moja zitakwisha kazi tarehe 30 Septemba?

OTIENO: Nakumbuka foleni.

ZUHURA: Nyanya yangu yuko Old Town. Redio alisikia, lakini alidhani ni noti bandia ndizo zinatafutwa. Desemba nimeenda likizo, ananiambia, mjukuu wangu, nisaidie nikanunue bati za jikoni. Akafungua sanduku, akatoa leso, na kwenye pindo kuna fundo. Fundo lenyewe amelikaza kwa meno, mpaka nilitumia uma kulifungua. Ndani noti kumi na nne, zimekunjwa mara nne nne, zenye sura ya Mzee Kenyatta, zinanuka udi. Elfu kumi na nne. Aliziweka moja moja, za kuuza mahamri.

OTIENO: Na Septemba imeshapita.

ZUHURA: Miezi miwili na zaidi. Nilizipeleka benki moja hivyo hivyo, nikitumaini. Kijana wa kaunta alizitazama, akanirudishia kwa heshima kabisa, akasema, dada, hizi sasa ni karatasi. Sikuwa na la kumjibu. Nikanunua bati kwa pesa zangu, nikamwambia nyanya zimebadilishwa.

OTIENO: Ulimdanganya nyanya?

ZUHURA: Nilimdanganya, ndiyo. Na hakuwa peke yake, maana noti za zaidi ya shilingi bilioni saba hazikurudi. Watu walisema ni za wezi. Zipo za wezi, sikatai. Zipo pia za mahamri.

OTIENO: Sasa sikiliza hili. Bulgaria, benki na posta zilipewa nusu mwaka kubadilisha bila malipo. Baada ya hapo, benki kuu yao inabadilisha lev bila tarehe ya mwisho. Noti za kuna za Kroatia vivyo hivyo, hazina mwisho.

ZUHURA: Hazina mwisho kabisa?

OTIENO: Hata mjukuu akikuta fundo baada ya miaka hamsini, anazipeleka anapewa euro.

ZUHURA: Basi hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe kwenye sheria yetu kabla hatujabishana jina la pesa wala picha ya nani iwekwe juu yake. Gavana wa benki kuu ya nchi yoyote kati ya hizi nane za Jumuiya akija hapa, nitaanza na swali hilo: noti ya zamani itabadilishwa mpaka lini?

OTIENO: Nami nitamuuliza nani atamlipa yule mama wa samaki makato ya miaka yote hii. Lakini dada, zile noti kumi na nne ziko wapi sasa?

ZUHURA: Ninazo mimi, kwenye droo, bado zina mikunjo. Leso nilimrudishia.

OTIENO: Wiki ijayo tutakuwa Busia na wabadilishaji pesa wenyewe, pale pale barabarani. Mwenye swali kwao atutumie kwa sauti, tutawafikishia.