Ethiopia 1974: Mfalme Aliyenyang'anywa Dola Kidogo Kidogo

Mabibi na mabwana, yakitajwa mapinduzi, wengi huwaza vifaru usiku mmoja na tangazo la redio alfajiri. Ethiopia haikuwa hivyo. Haile Selassie, aliyetawazwa mwaka 1930, alinyang'anywa dola kidogo kidogo kwa miezi minane, na muda mwingi waliomnyang'anya waliapa kuwa wanamtii.

Chanzo ni nini? Watu hukimbilia njaa ya 1973 huko Wollo, mkoa wa kaskazini, na kweli ilikuwa aibu kubwa: raia walikufa kwa maelfu huku serikali ikificha. Lakini mkulima anayekufa njaa haandamani Addis Ababa. Mimi naanzia Negele, kambi ya jeshi huko kusini, tarehe 12 Januari 1974 (naam, siku Zanzibar ilipotimiza miaka kumi ya mapinduzi yake). Pampu ya kisima cha askari imeharibika. Maofisa wana kisima chao, hawataki askari wachote. Chakula nacho hakiliki. Askari wakawaweka maofisa chini ya ulinzi. Mfalme akatuma jenerali. Naye wakamshika, wakamlazimisha ale wanachokula na anywe wanachokunywa.

Hawakuadhibiwa. Habari hiyo ikasambaa kambi hadi kambi. Februari petroli ikapanda, madereva wa teksi wakagoma, walimu nao wakagoma. Mfalme akashusha bei, akaongeza mishahara ya askari. Mwisho wa mwezi waziri mkuu Aklilu Habte-Wold akajiuzulu. Kila mfalme alipolegeza, askari na wagomaji walidai zaidi.

Vyama vya siasa hakuviruhusu kamwe, kwa hiyo waliokuwa wamejipanga ni wenye bunduki tu. Juni wakaunda kamati yao, Derg, watu kama 120, kuanzia askari wa kawaida hadi meja. Wakawakamata vigogo mmoja mmoja, tena kwa jina la mfalme! Usiku wa 11 Septemba televisheni ikaonyesha maiti za Wollo zikipishana na karamu za ikulu. Kesho yake mzee wa miaka 82 akapakiwa kwenye Volkswagen ndogo, watu wakimzomea "mwizi".

Novemba wakaua wakubwa wapatao 60 bila kesi. Machi 1975 ufalme ukafutwa, na ardhi yote ya vijijini ikataifishwa. Ardhi iende kwa anayeilima: hilo lilikuwa dai la wanafunzi tangu 1965. Derg ililitimiza, kisha katika Ugaidi Mwekundu, kampeni yake ya kuwamaliza wapinzani, ya 1977 na 1978, ikawaua vijana wasomi kwa maelfu.