Kabla fundi plasta hajaingia

(Mhadhara kwa mafundi bomba, Arusha)

Wakubwa shikamooni. Vijana, mambo? Mwezi huu wa 7 Arusha inawakaribisha kwa baridi, na ndiyo maana simu za Njiro na Ilboru zimeanza: "Fundi, nataka boila." Si hita ya bafuni. Mtu anataka maji yapashwe sehemu moja, yazunguke kwenye rejeta za vyumbani, yarudi.

Kufunga sitaongea sana, kuchomelea mabomba ya plastiki ya PPR wote mnajua. Leo tukae kwenye kupima presha, maana hapo ndipo tunapodanganyana.

Tenki la kwenye mnara wa mita 6 linatoa 0.6 bar tu. Mtu anafungua koki ya tenki, haoni tone kwenye viungo, anasema amepima. Amepima nini? Valvu ya usalama ya boila la nyumbani kwa kawaida hufunguka kwenye 3 bar. Mabomba yapime mara 1.5 ya hapo, yaani 4.5. Boila na valvu yake vitenge kwanza.

Jaza maji polepole kutoka chini, hewa uitoe juu kabisa. Maji hayabanani, kwa hiyo tone likitoka tu, geji inashuka. Hewa inabanana kama springi: ikibaki ndani itaendelea kusukuma, geji itatulia huku kiungo kinavuja. Na kompresa iacheni kwa watu wa matairi! Fitingi ikipasuka kwa upepo, kipande kinaruka kama risasi.

PPR nayo ina tabia yake. Ukipampu inatanuka kidogo, geji inashuka, kijana anadhani linavuja, anashika msumeno. Tulia. Rudisha presha, ngoja nusu saa, rudisha tena, ndipo uanze kuhesabu muda.

Mimi yalinikuta Sakina. Mwenye nyumba ana haraka, fundi plasta yuko mlangoni na ndoo yake, nikapima kwa koki ya tenki. Wiki ya pili ukuta umechora ramani. Tulibomoa mita 4 kutafuta kiungo kimoja, na plasta mpya nikailipia mimi.

Halafu kuna hili la upanuzi. Maji lita 100 yakitoka nyuzi 20 kwenda 80 yanaongezeka karibu lita 3, na tenki la upanuzi ndilo linalozipokea. Nimewahi kukuta valvu ya usalama imezibwa kwa plagi, eti "ilikuwa inadondosha." Ikidondosha, anza na tenki la upanuzi; huenda limeishiwa upepo.

Haya, pampu ile pale. Nani anatoa hewa?