Boksi la Kuziba au la Tundu: Kwanza Nionyeshe Futi Kamba

Mada kwa mafundi vijana wa muziki wa magari, Dar es Salaam

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, leo siongei na kipaza sauti. Kile mlichoniwekea pale kinakoroma, na mtu aliyekuja kuzungumzia besi hawezi kuanza na aibu hiyo.

Kuna swali naulizwa kila siku: dukani, kwenye simu, hata msibani. Naam, msibani. Nimeshika koleo, mtu ananinong'oneza, "Fundi, nifunge boksi la kuziba au la tundu?" Ndugu yangu, tumzike mzee kwanza.

La kuziba halipitishi hewa popote; la tundu lina bomba la kupitishia hewa. Na jibu langu ni moja miaka yote: boksi lako lina lita ngapi? Hapo ndipo mtu anaanza kupapasa mifuko. Ananiambia "ni la inchi 12." Hiyo ni sabufa, spika yenyewe ya besi, mimi nimeuliza boksi! Ni sawa na kumuuliza mtu nyumba yake ina vyumba vingapi, akakujibu ana mke mmoja.

Sasa nisikilizeni, maana hii nawasimulia kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja anayetoka hapa kwenda kurudia kosa lilelile. Nilikuwa na kijana wa kazi, mikono myepesi, anapaka gundi utadhani anapaka samli mkate. Ikaja IST ya mteja, sabufa moja ya inchi 12. Nikampigia hesabu: boksi la lita 56 baada ya kutoa kila kitu, bomba la maji taka la inchi 4, yaani kama sentimita 10 kwa ndani, urefu sentimita 27. Hapo boksi linaimba 35 Hz, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Nikamwandikia kwenye ubao wenyewe kwa penseli, nikaenda zangu Kariakoo kufuata waya.

Kijana kulipachika bomba akaona linasogelea ukuta wa nyuma. Akasema moyoni, mzee amekosea. Akachukua msumeno, akakata katikati. Sentimita kumi na tatu na nusu. Akaziba, akasugua, akavika zulia jeusi, kona zimekaa kama godoro jipya. Niliporudi nikalisifu! Mimi mwenyewe, na ubinadamu wangu, nililisifu kwa macho.

Mteja alifurahi. Gari lilikuwa linapiga kuliko nilivyotegemea, na hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Wiki ya tatu akarudi. Sabufa inakwaruza, kama mtu anaburuta kiti cha chuma kwenye sakafu. Kuifungua, koili, ule waya uliosokotwa unaosukuma spika, imegonga chuma cha nyuma mpaka imepinda mdomo. Nikapiga tochi kwenye tundu, nikaona mahali pa msumeno. Fanyeni hesabu wenyewe: lita zilezile 56, bomba lilelile la sentimita 10, urefu nusu, boksi limetoka 35 Hz limepanda mpaka karibu 45. Sentimita kumi na tatu na nusu za plastiki ziliua sabufa. Mpya nililipa mimi.

Kwa nini? Chukueni hii chupa ya soda. Nikipuliza mdomoni inalia. Nikiongeza maji, hewa ndani inapungua, sauti inapanda. Mjerumani Helmholtz aliyachambua haya karne ya 19, na bibi zetu waliyajua kwa kusikiliza mtungi ukijaa kisimani. Hewa iliyomo ndani ni springi. Hewa iliyo shingoni ni uzito unaoning'inia kwenye springi hiyo. Fupisha shingo, umepunguza uzito, mlio unapanda. Bomba lako ndiyo shingo. Ukilikata hujakata plastiki, umekata hewa.

Tazameni hapa mezani. Hili ni boksi la tundu la 35 Hz, na simu hii inatoa mlio mmoja mmoja. 60 Hz: koni, huu uso wa sabufa unaocheza, inatikisika, mnaiona. 50. 40, imeanza kutulia. Sasa 35. Wewe wa fulana nyekundu, sogea, weka kidole karibu, usiguse. Imesimama! Karibu kusimama kabisa. Lakini karatasi ya shashi niliyoning'iniza mbele ya tundu inapepea kama bendera. Kazi yote sasa inafanywa na tundu, koni imepumzika. Hapo ndipo utamu wa boksi la tundu ulipo, siukatai.

Sasa nateremka. 30. 25. Mmeona? Koni inaruka kama samaki nchi kavu, na mlio unapotea. Chini ya mlio wake, tundu ni mlango uliofunguliwa tu. Hewa inaingia na kutoka bila kazi, springi haipo, cha nyuma kinafuta cha mbele. Sabufa ya yule mteja ilikuwa inafanyiwa hivi kuanzia 45 kushuka, na yeye ni mtu wa nyimbo za besi ya chini kabisa. Kila zikiingia, koni inakimbia haina wa kuishika.

Boksi la kuziba halina huo mlango. Hewa iliyofungiwa inaishika koni kila inapokwenda. Ukikosea lita tatu, linakusamehe. Ukikosea tano, linanung'unika kidogo. Boksi la tundu halisamehi, ndiyo maana nasema: asiye na futi kamba afunge la kuziba, aombe na radhi.

Najua kuna mtu ananiangalia kwa dharau. "Mzee, la tundu linapiga zaidi kwa amplifaya ileile." Kweli. Karibu na mlio wake linaweza kukupa kama desibeli 3 zaidi, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Si kidogo. Lakini wengi wenu mnasahau kwamba sabufa haiko sebuleni. Iko ndani ya gari, na gari lenyewe ni boksi.

Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Ndani ya gari dogo, toka kioo cha mbele mpaka mlango wa nyuma, chukulia mita 2.5. Wimbi ambalo nusu yake ni mita 2.5 ni la karibu 70 Hz. Kuanzia hapo kushuka, wimbi halitoshi tena humo ndani. Sabufa inaanza kushindilia hewa ya gari zima, kama pampu ya baiskeli. Kwa hesabu ya kitabuni, kila masafa, yaani hizo Hz, yakishuka nusu, gari linakuongezea desibeli 12. Nalo boksi la kuziba, upande wa chini, kila masafa yakishuka nusu linapoteza desibeli ngapi? 12. Mmoja anashuka, mwingine anampandisha. La tundu chini ya mlio wake linapoteza 24. Barabarani mambo si safi hivyo, gari linavuja milangoni na bati linacheza, lakini ndiyo sababu boksi dogo la lita 28 lililozibwa, kwenye Vitz, linakushtua kwa besi ambayo nyumbani hungeipata.

"Na ukifungua vioo?" Ahsante, nilikuwa naisubiri hiyo. Ukifungua vioo pampu imetoboka. Ndiyo maana mwenye daladala, vioo wazi Mbagala mpaka Kariakoo, simlazimishi boksi la kuziba. Na bajaji ndiyo kabisa, haina milango, hakuna hewa ya kushindilia. Kwa hao nafunga la tundu, tena nalipandisha kidogo, 40 na ushee, halafu nakata masafa ya chini kwenye amplifaya. Kile kitufe kilichoandikwa "subsonic" ambacho ninyi mnakiacha sifuri, ndicho kamba ya kumfungia yule samaki.

Muziki nao. Mtu wa singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, anataka ngoma ipige na inyamaze ipishe nyingine. La tundu lililokadiriwa kwa macho linaburuza mkia, ngoma zinakanyagana, unapata uji. Mtu wa amapiano anataka ule mzigo wa chini uvutike, huyo tundu linamfaa kama limepimwa. Kama limepimwa! Na sisemi wa kuziba ni wastaarabu na wa tundu ni wahuni. Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipata hataza ya boksi la tundu mwaka 1932; Villchur alikuja na boksi la kuziba linalotumia hewa kama springi mwaka 1954. Kwa hiyo anayekuambia la kuziba ni teknolojia ya kizamani, mwambie akasome.

Tukigusa kusoma: ile karatasi iliyomo kwenye katoni, mnayofungia chapati. Ina herufi na namba: Fs, mlio wa asili wa sabufa yenyewe bila boksi; Qes, jinsi sumaku na koili zinavyoizuia koni isicheze ovyo; na nyingine. Zilianza kwa Thiele wa Australia mwaka 1961, Small akazikamilisha miaka ya 70. Chukua Fs, gawanya kwa Qes. Ukipata 50 au chini yake, hiyo inataka boksi la kuziba. Ikikaribia 100, la tundu. Katikati, chagua kwa gari na kwa muziki. Fs 30, Qes 0.6: 50. Ziba. Imechukua sekunde ngapi?

Muda naona nimeula, mwenyekiti ananikunjia uso. Haraka basi. Pima ndani, usipime nje. Boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 45 kwa nje ni lita 72. Ukitumia MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ya milimita 18, ndani zimebaki lita 55, na hujatoa mwili wa sabufa wala bomba. MDF haipendi maji, buti linalovuja wekeni plaiwudi nzuri. Bomba la inchi 2 kwenye sabufa ya inchi 12 litapuliza kama pua yenye mafua, usifanye. Fyuzi iwe karibu na betri, siyo karibu na amplifaya. Ya mpangilio wa koili mbili nilitaka kuyaeleza kwa kirefu, hayatawezekana leo.

Kuvuja kwa boksi la kuziba tunakupima hivi: mlio wa 30 Hz, sauti ndogo, halafu unapitisha moshi wa udi taratibu kwenye kila kiungo. Panapovuja, moshi utayumba. Udi ninao hapa, boksi ni la mmoja wenu, simtaji, amelileta mwenyewe na anaapa halivuji. Kijana, washa amplifaya. Hapana, hapana, shusha sauti kwanza!