Fungu la Kwanza ni la Mtoto

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu,

Jumatatu ya tarehe 29 Aprili 2024, shule za Kenya zilitarajiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili. Tulikuwa tumekwisha kupiga sare pasi tulipopata tangazo la Waziri wa Elimu, Ezekiel Machogu, kwamba ufunguzi umesogezwa mbele wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Wiki hiyo haikwisha kabla Rais William Ruto hajauahirisha tena, safari hii bila kutaja siku, na watoto hawakurudi darasani hadi tarehe 13 Mei. Mimi ni mhasibu ninayefanyia kazi nyumbani, Mombasa, na mwisho wa mwezi ndio wakati wa mishahara. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka minne. Yaya alikuwa amekwenda kwao Garsen, ambako Mto Tana ulikuwa umefurika.

Jumatatu ile niliishikilia ratiba yangu kana kwamba nyumba haina mtoto: saa mbili nimeketi kwenye kompyuta, na kila alipokuja nilimwambia angoje. Kufikia saa sita nilimsikia chini ya meza akimwambia mwanasesere wake, "Ngoja kidogo, mama ana kazi." Nilipoikagua kazi yenyewe, nilikuta nimemaliza hesabu za wafanyakazi sita tu kati ya arobaini, na kwa wawili kati yao nilikuwa nimesahau kukata ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Mtoto alikuwa amekosa mama na mwajiri alikuwa amekosa mhasibu.

Kesho yake niligeuza mpangilio. Dakika arobaini za mwanzo nilimpa yeye, simu ikiwa chumbani, tukala mkate na chai, tukajenga daraja la vibao akalibomoa. Mtoto aliyekwisha kushiba mzazi wake hucheza peke yake kwa muda ambao aliyenyimwa hauwezi kabisa, na hili ndilo ninalowaomba mlijaribu kabla ya jingine lolote, ingawa najua jinsi moyo unavyokwenda mbio mtu anapouona ujumbe wa mkubwa wake haujajibiwa.

Kisha nilizigawa kazi. Kupanga stakabadhi na kujibu barua pepe ni kazi zinazostahimili kukatizwa, basi nilizifanya mchana akiwa kando yangu mkekani. Mishahara haistahimili, niliipeleka alfajiri baada ya swala, na saa nane mchana alipolala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa umri huo asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Wengi wetu huimaliza saa hiyo asubuhi, kwa uchovu tu, kisha mkutano unapoanza hatuna tena cha kumtuliza. Mimi niliiweka akiba kwa ajili ya mkutano wa saa tisa.

Mwajiri naye aambiwe mapema, kwa sentensi mbili au tatu: shule imefungwa, mtoto yuko nami, mishahara itakuwa tayari kesho saa nne badala ya leo jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, lakini sikushauri kuzianza kuzitumia siku ya kwanza, wakati hujui shule zitafungwa kwa muda gani. Na pale penye wazazi wawili, wakae usiku walinganishe mikutano yao ya kesho, kwa maana haielekei kwamba mikutano ya baba peke yake ndiyo isiyoweza kusogezwa.

Tangu mwezi ule nina kikapu juu ya kabati, ambacho hakishuki ila siku kama hizo. Ndani yake mna vifuniko vya chupa vya rangi nne, kamba ya kutungia, makaratasi ya ofisini yaliyoandikwa upande mmoja, na yule mwanasesere.