Ona Upepo Unavyoingia Ndani ya Kimbunga, kwa Bakuli la Maji

Habari yako mtazamaji. Picha za setilaiti hutuonyesha kimbunga kwa juu, mawingu tu. Kazi kubwa iko chini, na leo tutaiona kwa macho. Andaa bakuli la kioo la duara, maji, kijiko na majani ya chai kidogo.

Loweka majani mpaka yazame yote. Usiharakishe hapa, maana yakielea hutaona kitu.

Sasa koroga kinyume na mwendo wa saa, kama vimbunga vya kaskazini mwa ikweta; vya kusini hufuata saa. Toa kijiko, inama, tazama kwa ubavuni. Unaona? Ungedhani majani yatatupwa pembeni, kumbe yanakimbilia katikati na kujilundika! Maji yamepanda kidogo ukingoni, kwa hiyo yanasukuma kuelekea ndani. Yale ya juu yana kasi ya kupingana na msukumo huo. Ya chini yanasuguana na kitako cha bakuli, kasi inapungua, yanazidiwa nguvu na kuingia katikati pamoja na majani.

Baharini ni hivyo hivyo. Katika kilomita moja hivi ya chini, upepo unasuguana na mawimbi, unazidiwa, unaelekea kwenye mgandamizo mdogo wa hewa. Njiani unazoa mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Kadiri mzunguko unavyobana ndivyo kasi inavyopanda, kama mtu anayezungushwa kwenye kiti akakunja mikono kifuani.

Bakuli limefika mwisho wake. Chukua karatasi, chora ukuta wa jicho, yaani pete ya mawingu mazito inayozunguka jicho, kitovu tulivu cha kimbunga, mishale ikipanda. Humo mvuke unageuka matone na kuachia joto, nalo linazidi kuinua hewa. Hiyo ndiyo injini. Kwenye kilomita 12 hadi 16, elekeza mishale nje. Wengi huusahau mshale huu, na mimi naona ndio muhimu kuliko yote: hewa isipomwagika huko juu, mgandamizo wa chini haushuki. Katika kimbunga Tip, Pasifiki, Oktoba 1979, ulishuka hadi hektopaskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 870. Kawaida ni kama 1013.

Bado mshale mmoja, wa kushuka ndani ya jicho. Hewa inaposhuka hupata joto, mawingu yanayeyuka, anga linaonekana. Jicho likikupitia, usitoke nje: ukuta wa pili unafuata, na upepo wake utavuma kutoka upande wa pili kabisa.