Kifaru kina utambulisho wa aina mbili: mhadhara kuhusu kutambua na kutoa magari ya vita yaliyobaki

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa makumbusho na mafundi mliofika, nawashukuru kwa kuja.

Septemba 2000, huko Estonia, katapila la Komatsu D375A lilivuta kifaru cha T-34 kutoka ziwa la Kurtna Matasjärv. Kilikuwa kimelala humo tangu 1944, kimezikwa na tope la mboji. Kilipotoka, deraya, yaani chuma chake kinene cha kinga, ilikuwa ya kiwanda cha Kisovieti lakini imepakwa misalaba ya Kijerumani, na ndani mlikuwa na mabomu 116 ya mzinga. Wajerumani walikiteka, wakawageuzia Wasovieti wenyewe. Sasa niambieni, hicho ni kifaru cha nani?

Jibu ni kwamba kila kifaru kina utambulisho wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kiwandani: kimeundwa wapi, lini, toleo gani. Huo umegongwa kwenye chuma. Wa pili ni wa vitani: kilikuwa cha kikosi gani, kilipigwa wapi, nani alikuwemo. Huo uko kwenye rangi, kwenye matundu ya risasi na kwenye tope lililojaa ndani, na ndio unaopotea siku ya kwanza, pale vijana wanapoleta pampu ya maji ya kusafishia magari.

Nichukue Sherman, kifaru cha Kimarekani cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa ziliundwa karibu 49,000 na ndizo mtakazokutana nazo zaidi. Anza na bodi. Likiwa la mviringo, limesubiwa pande zote, hilo ni toleo la M4A1. Likiwa la mabamba yaliyochomelewa, endelea. Hesabu vipande vya mnyororo upande mmoja: vikiwa 79 ni toleo la kawaida, vikiwa 83, karibu kila mara ni M4A4. Bodi ya M4A4 ilirefushwa ili kumeza injini ya Chrysler, iliyokuwa injini tano za magari madogo zilizounganishwa kuwa moja, ndiyo maana hata nafasi kati ya magurudumu yake ni pana zaidi. Mnyororo ukiwa haupo, pima nafasi hizo. Kisha pima mwinamo wa bamba la mbele kutoka wima. Nyuzi 56 na vifuniko vidogo vya dereva ni toleo la awali. Nyuzi 47 na vifuniko vikubwa ni la baadaye.

Injini haitoshi kuwa ushahidi. Wala kichwa, ile sehemu inayozunguka na mzinga wake, kwa sababu karakana za vitani zilihamisha vichwa kutoka kifaru kimoja hadi kingine bila kumwuliza mtu. Na hapa ndipo wengi hujikwaa: wanakuta D50878 imeinuka kwenye chuma cha kichwa, wanaiandika kama namba ya kifaru. Hiyo ni namba ya mchoro wa kichwa cha mzinga wa milimita 75, na maelfu ya vichwa vinayo. Namba ya kifaru chenyewe hugongwa kwenye masikio ya kufungia waya wa kuvuta, hasa ya nyuma. Imegongwa juujuu tu. Usiiguse na mashine ya msasa, wala usipulizie mchanga. Laza karatasi nyembamba, sugua kwa penseli, kisha piga picha usiku ukiwa na tochi iliyoshikwa ubavuni, mwanga ukwaruze uso wa chuma.

Utambulisho wa vitani hudai subira zaidi. Kule Flesquières, Ufaransa, mwaka 1998 Philippe Gorczynski na wenzake walifukua kifaru cha Mark IV, cha Waingereza, kilichozikwa tangu mapigano ya Cambrai ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walianzia kwenye kumbukumbu ya mama mzee wa kijijini na picha zilizopigwa kutoka angani. Ilikuja kuthibitika kuwa ni D51, Deborah, kilichopigwa tarehe 20 Novemba 1917, wakafa watu watano waliokuwemo. Majeraha ya kifaru hicho yalikuwa sehemu ya ushahidi. Angetokea mchomeleaji mwema akayaziba ili kipendeze, ushahidi ungeishia hapo.

Kwetu Pwani tuna zoezi zuri. Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, meli ya Kijerumani iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915, na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozama Unguja mwaka 1914. Wa kwanza una kipenyo cha milimita 105, wa pili 101.6. Tofauti ni milimita 3.4 tu, na ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa na matuta kati yake, kwa hiyo pima kutoka tuta hadi tuta. Ukipima mfereji hadi mfereji, au mdomoni palipolika, utatoa jibu la kubahatisha.

Kabla ya winchi, kibali. Chombo cha kijeshi aghalabu bado ni mali ya serikali yake hata kikiwa shimoni. Ken Small aliinunua Sherman ya Slapton, Uingereza, kwa dola 50 kutoka serikali ya Marekani, ndipo akaja kuitoa baharini mwaka 1984. Kisha wataalamu wa mabomu wa jeshi waingie kwanza. Fosforasi nyeupe iliyovuja huwaka yenyewe ikikauka na kupata hewa. Saa na vipimo vinavyong'aa gizani vina radiamu, msivikwangue. Mkiona mfupa, kazi isimame hapo hapo, polisi waitwe.

Sasa kuvuta. Kanuni ya waokoaji wa jeshi la Marekani ni hii: gari likizama hadi magurudumu, nguvu inayohitajika ni sawa na uzito wake, hadi kwenye mabawa ya matope, mara mbili, hadi kichwani, mara tatu. Sherman ya tani 30 iliyozama hadi kichwani inataka tani 90. Mna winchi ya tani 20. Mtasema tupitishe waya kwenye makapi matano, yale magurudumu ya kupitishia waya, iwe nyuzi tano. Lakini kila kapi linaongeza takriban sehemu ya kumi ya mzigo kwa msuguano: 90 na 45 ni 135, gawa kwa tano, ni tani 27. Waya unakatika. Chimbeni kwanza hadi mabawa yaonekane: 60 na 30 ni 90, gawa kwa tano, ni 18. Sepetu imefanya kazi ambayo makapi yameshindwa.

Vuteni kuelekea kilikotoka, njia ile ile kilichoingilia. Pigeni maji ya shinikizo chini ya tumbo ili kuvunja mnyonyo wa tope, na vifuniko vya chini vifunguliwe ili maji yaliyomo yatoke. Waya ufungwe kwenye masikio ya bodi, kamwe si kwenye mzinga. Kichwa kikiwa kimeshikiliwa na uzito wake tu, kitadondoka kifaru kikiinama sana. Magurudumu yatakuwa yameganda kwa kutu, basi tandikeni mbao zilizopakwa grisi kiteleze. Watu wakae mbali kuliko urefu wa waya.

Kikitoka kwenye mboji, ambako oksijeni ni haba, chuma huwa kizuri ajabu. Cha bahari ni ugonjwa mwingine: chumvi imeingia ndani, na kikikauka deraya itamenyeka tabaka kwa tabaka. Vipande viwekwe kwenye maji yenye magadi makali, sodiamu haidroksaidi, yabadilishwe tena na tena hadi kipimo cha kloraidi kikome kupanda. Lakini toeni kwanza kila kilicho cha alumini. Injini ya T-34 ina mwili wa alumini, na dawa inayookoa deraya itaila injini hiyo hadi ibaki povu.