Tokelau: Fungu la Samaki Lisilouzwa

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na popote mlipo. Mmeniuliza sana mbona nimepotea. Nilikuwa Tokelau, na jirani yangu wa hapa Porirua, New Zealand, alinipeleka kwao.

Tokelau ni visiwa vitatu vya matumbawe, Atafu, Nukunonu na Fakaofo, katika Bahari ya Pasifiki, chini ya utawala wa New Zealand. Uwanja wa ndege hakuna. Unaruka mpaka Apia, Samoa, unaomba kibali, kisha meli, zaidi ya siku nzima kuelekea kaskazini. Bandari nayo hakuna. Meli inasubiri nje ya mwamba, mnateremshwa kwenye boti, nahodha anavizia wimbi ndipo apenye kwenye mlango wa mwamba. Hapo nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Ukishuka unaona minazi, mishelisheli, na paneli za jua. Tangu 2012 umeme wao mwingi ni wa jua, na zamani walichoma dizeli iliyoletwa kwa meli hiyohiyo. Ardhi yenyewe haizidi mita tano juu ya bahari, na watu waliobaki ni kama 1,500. Watokelau walioko New Zealand ni wengi kuliko hao mara kadhaa. Mwaka 1863 wawinda watumwa waliwabeba watu wengi kuwapeleka Peru. Sisi wa Unguja habari hiyo hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini nililotaka kuwasimulia ni la alasiri moja, boti ziliporudi na jodari. Nikangoja mnada, kama dikoni kwetu. Wapi! Wazee waliwapanga samaki chini, fungu kwa fungu, kwa hesabu ya watu wa kila nyumba. Fungu likionekana limepungua, mzee anaongeza kipande cha mkia, anarudi nyuma, anatazama tena. Bibi mjane asiye na mtu wa kumvulia alipata haki yake sawa na nyumba ya mvuvi. Hakuna aliyetoa hata senti. Wanaita inati, na nimeupenda utaratibu huu kuliko kitu chochote nilichokiona Pasifiki.

Fungu la nyumba yetu lililetwa ndani ya kapu la makuti mabichi, ususi uleule wa bibi yangu. Mwenyeji wangu akaniuliza kwetu linaitwaje.

"Pakacha."

Akalirudia mara tatu, mpaka likamkaa mdomoni.